Kusi Inakuja: Usiifunge AC kwa Nailoni

Msomaji mwenye nyumba karibu na ufuo wa Malindi ameuliza kama akifunike kile kishine cha nje cha AC kwa nailoni kuanzia mwezi wa nne hadi wa nane, msimu wa kusi, wakati nyumba haina wageni. Asikifunike. Kishine hicho kimetengenezwa kinyeshewe. Ukikifunga gubigubi, unyevu na chumvi iliyokwisha kuingia havina pa kutokea, na kutu hukila upesi kuliko ungekiacha wazi. Panya nao hupata makao makavu yenye nyaya za kuguguna. Kama roho haitulii, weka kipande cha bati juu tu, pande ziachwe wazi, na breka (swichi kuu ya umeme wa AC) izimwe.

Wengine huuliza kuhusu vimbunga. Malindi iko takriban digrii 3 kusini mwa ikweta, na karibu na ikweta ile nguvu ya mzunguko wa dunia inayovifanya vimbunga vijizungushe ni dhaifu mno, kwa hiyo huku hufika kwa nadra. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitua Mafia, Tanzania. AC zetu huuawa na mambo ya kila mwaka: chumvi, vyuma vilivyooza, na umeme unaokatika na kurudi.

Chumvi ndiyo mkubwa wao. Nyuma ya kishine kuna mirija ya shaba iliyopita katika vibati vyembamba vya alumini. Madini hayo mawili yakigusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Ule unga mweupe unaouona ndio mabaki yake. Vibati vikiisha, joto halina njia ya kutoka, presha ya gesi hupanda, na kompresa, ile pampu inayoisukuma gesi, huungua. Dawa yake ni maji tu, lakini yawe ya mfereji au ya mvua, kwa maana visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi na utakuwa unaongeza ugonjwa. Zima breka, ngoja dakika 5, fungua kifuniko bila kugusa nyaya wala kapasita (kile kifaa kinachohifadhi umeme). Ondoa kwa mkono majani ya mvinje na vipande vya makuti. Kisha mwagia kwa mpira wa kawaida kutoka ndani kuelekea nje, ili uchafu urudi ulikotoka, huku sehemu ya nyaya ukiikinga. Mashine ya kuoshea magari hulaza vibati, na asidi ya fundi mwenye haraka huvimaliza kabisa. Nyumba inayotazama bahari ioshewe kila wiki mbili msimu wote wa kusi. Ya nyuma ya mji, mara moja kwa mwezi inatosha.

Sasa shika kishine ukitikise. Cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) huwa na kilo 25 hadi 35 hivi, na kuta zetu nyingi ni za mawe ya matumbawe, ambayo ni laini. Bolti ya kutanuka hulipasua jiwe, mtikisiko unamalizia kazi, na siku ya upepo mkali kishine kinaning'inia kwenye mirija yake. Tumia bolti ndefu inayotokeza upande wa pili wa ukuta, ishikwe huko na bamba la chuma. Iwe stenlesi ya daraja 316, maana hata ile ya 304 hushika kutu kando ya bahari. Kuokoa pesa kwenye bolti halafu kununua AC nyingine ni hesabu ya ajabu.

Kuhusu umeme: AC ikizimika ghafla, presha ya gesi huchukua dakika kadhaa kusawazika. Umeme ukirudi mara moja, kompresa hulazimika kuanza ikiwa imebanwa, huvuta ampea nyingi na waya wake huungua. AC nyingi za kisasa hujichelewesha zenyewe, ila haziwezi kuzuia volti iliyopanda. Funga kilinda volti cha ampea 20 chenye kuchelewesha dakika 3 au zaidi; kidogo cha friji hakitoshi. Radi nayo haizuiwi na kifaa hicho. Wingu likianza kunguruma, zima breka.

Bomba linalotoa maji ya AC nje literemke angalau sentimita 1 kwa kila mita. Mwaga kikombe cha siki ndani yake, ngoja nusu saa, suuza.

Na jamani, gesi ya AC haiishi kwa kutumika. Huzunguka ndani ya mirija iliyofungwa, na ikipungua pana tundu. Anayekuja "kuongeza gesi" kila mwaka bila kutafuta tundu anakuuzia upepo.

Maji ya mafuriko yakifika kwenye kishine, usijaribu kukiwasha hata kikionekana kimekauka. Kifunguliwe, kioshwe matope kwa maji safi, kikaushwe, na fundi apime kama umeme unavuja kati ya waya wa kompresa na ganda lake la chuma ndipo breka irudishwe.