Kabla ya kusaini mkataba wa sanifu na jenga, chimba mashimo

Ramani ilionyesha bomba moja. Tulipofika kina cha mita moja na nusu kibarua akasimama, akaegemeza chepe kwenye ukingo wa shimo, akasema, "Injinia, mbona huku yapo matatu?" Nikashuka mwenyewe. La kwanza la asbesto, limenizidi umri. La pili la plastiki, na ofisini hakuna aliyekumbuka kulilaza. La tatu kavu, hadi leo sijajua lilikuwa la nani. Barabara hiyo tulishaisainia mkataba miezi minne nyuma, na msimamizi wa mkandarasi alikuwa amesimama pembeni, simu mkononi, anapiga picha.

Picha zile zilitugharimu. Taarifa ya mkandarasi ya kudai nyongeza ilifika ndani ya siku 28, kama mkataba unavyotaka, na haikuwa na kosa hata la nukta.

Nawaandikia wahandisi wenzangu wa mamlaka za maji ambao wameambiwa mradi wao unaofuata, wa majisafi au wa majitaka, utakwenda kwa sanifu na jenga. Mimi nimepitia miwili. Wa kwanza ulinifundisha kwa fimbo, wa pili nikapumua.

Utaratibu tuliokulia nao mnaujua: mhandisi mshauri anasanifu, anachora, anaandaa BOQ, yaani orodha ya vipimo na bei za kazi, kisha anatafutwa mkandarasi wa kujenga alichochora mwingine. Likitokea tatizo, mkandarasi anasema mchoro mbovu, mshauri anasema ujenzi mbovu, na wewe uko katikati umeshika faili. Kwenye sanifu na jenga anayechora ndiye anayechimba. Bei ni moja ya jumla, wa kumuuliza ni mmoja, na bomba kuu linaweza kuanza kulazwa wakati michoro ya mitaani bado iko mezani. Mradi wa maji wa miji 28, ule wa mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India, ulikwenda hivyo. Mikataba ilisainiwa Juni 2022, na wananchi waliotarajia kuona mitaro wiki inayofuata wakaambiwa wakandarasi wako kwenye usanifu. Kama viongozi wa mtaa wako hujawaeleza hilo mapema, jiandae kupigiwa simu usiku.

Kosa letu kubwa kwenye mradi wa kwanza lilikuwa kudhani kwamba, kwa kuwa mkandarasi anasanifu, sisi kazi imepungua. Haikupungua. Ilihamia mbele, kwenye miezi ya kabla ya zabuni, na sisi miezi hiyo tuliitumia kusubiri.

Nyaraka inayobeba kila kitu ni Mahitaji ya Mwajiri, pale mwenye mradi anapoeleza anataka nini. Wanaotumia FIDIC, mikataba ya mfano ya shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, kile Kitabu cha Njano cha sanifu na jenga cha 1999 au toleo la 2017, wanajua kwamba mkandarasi anawajibika kukabidhi kazi inayofaa kwa kusudi lake. Wengi husoma hapo wakafurahi. Someni na maneno yanayofuata: kusudi kama lilivyoelezwa kwenye mkataba. Usipolieleza, hakuna kitu cha kufaa. Sisi tuliandika tunataka pampu za mita za ujazo 300 kwa saa, kwa kimo cha mita 80. Tukaletewa pampu za mita za ujazo 300 kwa saa, kwa kimo cha mita 80. Bei poa kweli.

Hesabu niliifanya baadaye, bili ya umeme ilipoanza kuumiza. Kazi hiyo ikifanywa na pampu na mota zenye ufanisi wa jumla wa asilimia 75, zinakula kilowati 87 hivi. Kwa asilimia 60 zinakula 109. Tofauti ya kilowati 22, ukisukuma maji saa 20 kwa siku, ni karibu uniti 160,000 kwa mwaka, kila mwaka, mpaka pampu zife. Mkandarasi hakutudanganya. Alisoma tulichoandika, akanunua cha bei nafuu kinachokidhi, kama ambavyo mimi na wewe tungefanya. Mradi wa pili hatukuandika habari za pampu. Tuliandika maji yafike kwenye tanki kiasi gani, kwa uniti ngapi kwa kila mita ya ujazo, na bei ya umeme wa miaka 15 tukaijumlisha kwenye kulinganisha zabuni. Waliokuja na pampu za bei poa wakaonekana ghali papo hapo.

Kwenye majitaka mtego uko kwenye mteremko, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Bomba la milimita 200 likilazwa kwa mteremko wa mita 1 kwa kila mita 200, majitaka yakijaa yanakwenda karibu mita 0.74 kwa sekunde. Mwendo huo unabeba mchanga na kila kinachotoka chooni. Ulaze bomba hilohilo kwa mita 1 kwa 400 na mwendo unashuka hadi mita 0.52, chini ya ile 0.6 tunayoihesabu kuwa ya kujisafisha. Ukiangalia kwenye karatasi ni namba ndogo. Sasa hesabu kina: kwenye kilomita moja, mteremko wa kwanza unashuka mita 5, wa pili mita 2.5. Hizo mita mbili na nusu za kuchimba, kuzuia kingo zisibomoke na kunyonya maji ya ardhini ni fedha nyingi mno, na kwenye bei ya jumla kila sentimita isiyochimbwa ni faida ya mkandarasi. Yeye ananufaika na mtaro wa kina kifupi. Wewe unanufaika na kinyesi kinachotembea. Hakuna ubaya wa mtu hapo, ndivyo mkataba ulivyokaa, na wewe ndiye uliyeukalisha.

Bomba lililolala bapa linatuama. Linaanza kunuka yai viza, na gesi hiyo, ikikutana na unyevu juu ya maji, inageuka tindikali inayokula zege la chemba. Nimewahi kufunua chemba ya miaka michache tu nikakwangua ukuta wake kwa kijiko kama ugali wa jana. Kwa hiyo andikeni mwendo wa chini kabisa unaokubalika, kwa mtiririko wa siku ya kwanza wakati nyumba zilizounganishwa bado chache, sio kwa mtiririko wa mwaka wa 20.

Nirudi kwenye mashimo. Mkandarasi anayetoa bei ya jumla bila kujua kilichoko chini ana njia mbili tu: apandishe bei kwa woga, au ashushe kwa matumaini halafu adai. Zote unalipa wewe. Mradi wa pili nilikwenda kwa fundi bomba mstaafu, aliyekuwa kazini tangu mtandao wa mji ukiwa na nyumba chache tu zilizounganishwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmepotea tena?"

Tulimpandisha kiti cha mbele cha pikapu, siku nne. Anafika njiapanda, anashuka, anaangalia mwembe, anaangalia ukuta wa msikiti, anahesabu hatua, anachoma fimbo chini. "Valvu hii hapa. Inafungwa kinyume." Kijana wa ramani anachukua nukta, mwingine anapaka rangi. Kisha tukachimba mashimo ya uchunguzi, kwa mkono, pale alipoonyesha na pale ramani ilipoonyesha kitu tofauti. Mzee alikosea pawili. Ramani sitasema ilikosea mara ngapi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi tulipoteza mabomba yakiwa palepale yalipolazwa.

Gharama ya mashimo yote, na nauli na chai ya Mzee, haikufikia robo ya lile dai la kwanza. Matokeo tuliwapa wazabuni wote, yote, hata yaliyotuaibisha. Kuna wakubwa wanaoogopa hapo, wanaona tunawapa silaha. Ni kinyume chake. Kilichoonyeshwa, mkandarasi ameshakiwekea bei. Kinachobaki kuwa hatari yetu ni kile tu ambacho mkandarasi mzoefu asingeweza kukitarajia. Kwa mabomba ya asbesto tuliweka bei ya kila mita kabla, pamoja na namna ya kuyaondoa: yalowanishwe na yasikatwe kwa gurinda, kwa sababu vumbi lake linaua mapafu polepole.

Mkishasaini, ulimi nao uingie kwenye mkataba. Michoro inapoletwa, Kitabu cha Njano cha 1999 kinakupa siku 21 kuipitia, isipokuwa mmeandika vingine. Ukichelewa, lawama ya ratiba ni yako. Ukitoa maoni, jiulize kwanza: hiki kinakiuka mahitaji, au ni mimi tu sikipendi? Kama mkataba unaruhusu plastiki na chuma, nawe ukaandika "tumieni chuma", hujatoa maoni, umeagiza mabadiliko, na bili yake iko njiani. Mkubwa wetu mmoja, kwenye ziara, alisema kwa moyo mweupe kabisa, "Na huu mtaa nao msiusahau." Watu wakapiga makofi. Nilikaa wiki tatu nikiandika barua za kueleza kwamba yale hayakuwa maelekezo. Siku hizi kabla ya ziara namwomba mgeni rasmi amwambie mwenyekiti wa mtaa, asimwambie mkandarasi.

Malipo nitayapitia haraka, ingawa hapo ndipo wakaguzi wa ndani walipotuweka kikaangoni kwa kutafuta vipimo vya BOQ ambayo haipo. Kwenye bei ya jumla unalipa kwa hatua, kwa hiyo chagueni hatua zenye akili. Sisi mara ya kwanza tuliweka fungu kubwa kwenye mabomba kufika eneo la mradi. Yalifika yote, mapema ajabu. Uwanja ukafanana na kiwanda, mkandarasi ameshalipwa, mitaani mgao uleule. Mara ya pili hatua ilikuwa kilomita iliyolazwa, ikapimwa presha, ikafukiwa na kushindiliwa, na barabara ya watu ikarudishwa ilivyokuwa. Wamiliki wa maduka waliokaa na shimo mlangoni watakuambia umuhimu wa hicho cha mwisho.

Jambo lililotuaibisha zaidi ya yote ni hili. Mkataba wa kwanza wa majitaka uliishia kwenye chemba ya mtaani. Kuunganisha nyumba tulisema tutafanya wenyewe, polepole. Mabwawa ya kutibu yakakamilika, yamepangwa vizuri, na mkandarasi ana deni la kuthibitisha kwamba maji yanayotoka hayazidi BOD, yaani kipimo cha uchafu unaokula oksijeni ya maji, ya miligramu 30 kwa lita, kiwango chetu cha Tanzania. Thibitisha na nini? Kilichokuwa kinaingia ni kijito cha hoteli mbili na shule, huku magari ya kunyonya yakiendelea kupita mitaa ileile yenye bomba jipya. Muda wa majaribio ukaisha, dhamana ikarudi kwa mwenyewe. Tulipokuja kupata majitaka ya kutosha, na matatizo yakaonekana, hatukuwa na wa kumwita. Kama huna fedha ya kuunganisha nyumba, punguza kilomita za bomba kuu uipate. Na andika kwamba majaribio ya utendaji yatafanyika mtiririko ukifika kiwango fulani, sio tarehe fulani.

Mwisho, leteni waendeshaji mezani. Mradi wa pili tulimkaribisha mwendesha pampu kwenye kikao cha michoro. Alikaa saa mbili kimya, wasanifu wanaonyesha rangi kwenye skrini. Alipoulizwa kama ana neno, akasema, "Nimeona pampu inavyoingia. Ikiharibika, naitoaje?" Wakaangaliana. Mlango ulikuwa mwembamba na juu hapakuwa na pa kufunga mnyororo wa kuinulia.

Baada ya wiki mbili mchoro ulirudi na boriti ya chuma juu ya kila pampu, mlango umepanuliwa. Bei haikuongezeka hata shilingi, kwa sababu kwenye Mahitaji ya Mwajiri kulikuwa na sentensi inayotaka kila mtambo uweze kutolewa na kurudishwa bila kubomoa jengo. Sentensi hiyo niliiandika jioni ya siku tuliyokata bati za kituo cha mradi wa kwanza, mvua ikinyesha, ili tuinue pampu kwa winchi ya kuazima.