Mashine ya leza ya nyumbani kwa kidonda cha mguu wa kisukari: yaliyotupata na mzee wetu Tandika

Ndugu yangu, umeuliza kama ununue ile mashine ndogo ya leza kwa ajili ya kidonda cha mama, kipo chini ya kidole gumba na mwezi wa nne huu hakifungi. Waliotangulia kujibu, wengine wamesema ni utapeli, wengine wamesema ni mwarobaini. Sisi tuliinunua. Naandika kwa urefu kwa sababu kuna wiki tatu tulizipoteza, na sitaki mama azipoteze na yeye.

Baba yangu ana miaka 68, amestaafu udereva wa malori, kisukari anacho zaidi ya miaka kumi. Mama ndiye aliyeona doa kwenye mkeka wa kuswalia, akadhani ni chai. Kumbe usaha. Mzee mwenyewe hakuwa na habari, alikuwa anakwenda msikitini mara tano kwa siku na kandambili zake huku unyayo umetoboka. Ganzi ndivyo ilivyo. Hapa hapa Dar madaktari wameshaandika kuhusu wagonjwa wa kisukari wanaotafunwa miguu na panya usiku bila kushtuka usingizini. Kwa hiyo usimuulize mama kama panauma. Kutouma ndiyo ugonjwa wenyewe.

Tulianza kama wengi: maji ya chumvi, asali, halafu jirani akaleta rangi mbili, vile vidonge vya antibaotiki, tukawa tunafungua vidonge na kunyunyiza unga. Usifanye hivyo, ule unga unaganda juu na kuficha kilichoko chini. Mtaani maneno ya kidonda ndugu yakaanza, kwamba kuna mkono wa mtu. Shemeji yangu ndiye aliyeona tangazo la leza. Tukachangishana, laki tatu na nusu, tukaichukua duka moja la vifaa tiba mjini.

Leza yenyewe si uganga. Mwaka 1967 huko Budapest daktari Endre Mester alimulika panya walionyolewa manyoya kwa leza yenye nguvu ndogo, akaona manyoya yanaota haraka kuliko kwa wasiomulikwa. Baadaye akaanza kuijaribu kwa watu wenye vidonda sugu. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mwanga mwekundu, kama wa nanometa 630 hadi 660 (nanometa ni kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga), na ule wa infraredi usioonekana kwa macho, hupokelewa ndani ya mitokondria, pale seli inapotengenezea nguvu zake, na seli ikachangamka. Chuo Kikuu cha Johannesburg wana kituo cha utafiti wa leza ambacho kimefanya kazi hii kwa miaka mingi kwenye seli za vidonda vya kisukari. Na majaribio madogo kwa wagonjwa yapo, mengine yameonyesha vidonda vikipungua haraka zaidi.

Ila majaribio hayo ni madogo na kila moja lilitumia kipimo chake. Ndiyo maana wataalamu wa IWGDF, wanaoandika miongozo ya kimataifa ya mguu wa kisukari, katika mwongozo wa 2023 walipendekeza tiba za namna hii zisitumike kuponyesha vidonda hivi, kwa kuwa ushahidi bado ni hafifu. Muuzaji wetu hakututajia hilo.

Halafu kuna suala la kipimo, na hapa naomba usome taratibu. Mwanga huu hupimwa kwa juli, yaani kipimo cha nishati, kwa kila sentimita ya mraba. Mashine ikitoa miliwati 50 kwa sentimita ya mraba, sekunde 80 zinakupa juli 4, na kipimo cha karibu na hapo ndicho kilichotumika kwenye baadhi ya majaribio ya vidonda. Ukipitiliza sana matokeo hugeuka, seli zinazubaa badala ya kuchangamka. Sasa mashine yetu iliandikwa nanometa 650 tu, nguvu haikuandikwa popote, si kwenye boksi wala kwenye karatasi ya maelekezo. Tulikuwa tunammulika mzee dakika kumi asubuhi na kumi jioni kwa sababu karatasi ilisema hivyo. Miwani ya kukinga macho haikuwemo, na wajukuu walikuwa wanachungulia. Hilo mpaka leo linaniuma.

Wiki ya kwanza kingo zikawa nyekundu nzuri. Wiki ya pili kidonda kikaonekana kidogo, mzee akafurahi, akaacha hata kufunga bandeji. Wiki ya tatu mguu ukavimba hadi kifundoni, harufu ikatoka. Nikampakia kwenye bajaji.

Nesi wa kliniki ya kisukari aliangalia kile "kidonda kidogo" akachukua wembe wa hospitali, akaanza kukwangua sugu iliyokizunguka. Nilitaka kumzuia. Sugu ilipotoka, chini yake palikuwa na shimo kubwa kuliko sarafu ya shilingi mia mbili, limejaa. Kumbe hakikuwa kimepungua, ngozi ngumu ilikuwa inakifunika kwa juu. Mwanga wetu wote ulikuwa unaishia kwenye sugu.

Akafanya mambo ambayo sisi hatukuwahi kuyawaza. Alitafuta mapigo ya mshipa juu ya mguu na nyuma ya kifundo, maana damu isipofika hakuna dawa wala mwanga utakaofunga kidonda, hapo anatakiwa daktari wa mishipa. Akaingiza kijiti cha chuma kilichochemshwa, polepole, kuona kama kinagonga mfupa. Kikigonga, kuna uwezekano mkubwa mfupa umeshaingiliwa, na picha ya eksirei inafuata. Cha mzee hakikugonga, alhamdulillahi. Akapewa antibaotiki za kumeza, tukaambiwa sukari ishuke.

Ndipo akamuuliza: "Mzee, unaswalije?"

Sote tulishangaa. Akamwambia aonyeshe namna anavyosujudu. Mzee akapiga magoti palepale, vidole vimekunjwa kuelekea kibla, na uzito umelalia chini ya kidole gumba, juu ya kidonda chenyewe. Hesabu sijda za swala tano kwa siku, ongeza na safari za msikitini. Kidonda kilikuwa kinapondwa kila siku, nasi tunakimulika.

Maambukizi yalipotulia akafungwa P.O.P. maalumu, ile plasta ngumu, hadi chini ya goti, ile isiyovulika, inayobadilishwa kila wiki. Hiyo ndiyo tiba miongozo inayoiweka mbele kwa kidonda cha chini ya unyayo, kwa sababu inahamisha uzito na mgonjwa hawezi kuivua akatembea kwa siri. Haifungwi mguu wenye maambukizi makali wala uliokosa damu, kwa hiyo asiende mama kufungwa mtaani. Imamu alikuja nyumbani mwenyewe kumwambia mzee kwamba kuswali kwenye kiti kunajuzu. Bila yeye tusingeweza, maana sisi watoto alikuwa hatusikilizi.

Kila P.O.P. ilipofunguliwa tuliweka nailoni safi juu ya kidonda, tukakichora kwa kalamu ya wino mzito na kuandika tarehe. Madaktari huangalia wiki nne: kama eneo halijapungua nusu, kuna kitu kinakwama na lazima kitafutwe. La mzee lilipungua zaidi ya nusu. Kidonda kilifunga wiki ya kumi na moja, na mashine ilikuwa kabatini muda wote huo.

Kwa hiyo jibu langu: pesa hiyo usiitoe sasa. Ianzie kwenye usafiri wa kliniki, kukwangua sugu, P.O.P., gozi, na baadaye viatu vipana vyenye soli laini, maana karibu watu 40 katika kila 100 waliopona hurudiwa ndani ya mwaka mmoja. Kama yote hayo yamekamilika, damu inafika, mfupa ni salama, na bado kidonda kimegoma, hapo muulizeni daktari wake kuhusu leza. Akikubali, ifanywe na mtu anayejua kipimo, kwa mashine iliyoandikwa nguvu zake, na kila aliyemo chumbani avae miwani.

Kesho mpeleke mama wampime mapigo ya mguu na kijiti. Mwambie nesi pia anasimamaje jikoni, anavaa nini, anaswalije kama anaswali. Ukirudi andika hapa walichosema. Nina zile nailoni za mzee zote, nitakupigia picha uone tulivyokuwa tunachora.