Baba Anasoma Alhamdu, Lakini Hawezi Kuomba Maji

SWALI: Baba yangu, muuza mawese hapa Ujiji, alipatwa na kiharusi miezi minne iliyopita, mkono na mguu wa kulia vikapooza. Anatuelewa, lakini kila jambo hulijibu kwa neno moja tu, "basi", kisha hukasirika hadi machozi yakamtoka. Ajabu ni kwamba Alhamdu anaisoma yote bila kukwama. Majirani wanasema ana jini. Je, kuna dawa?
Binti, Kigoma

JIBU: Pole sana, binti yetu, na mfikishie mzee salamu zetu. Hana jini, wala akili haijampotea. Kwa watu wengi, sehemu za ubongo zinazounda maneno ziko upande wa kushoto, ambao ndio pia unaoongoza mkono na mguu wa kulia, na ndiyo sababu matatizo hayo mawili humpata mtu kwa pamoja. Hali hii ya kupotewa na usemi huitwa afasia. Mwaka 1861, mjini Paris, daktari Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyejibu karibu kila swali kwa "tan", ingawa alielewa mengi aliyoambiwa. Dua, nyimbo na kuhesabu, kwa kuwa vimezoeleka tangu utotoni, mara nyingi husalimika pale maneno ya kutungwa papo hapo yanapogoma.

Hakuna kidonge kinachothibitika kurudisha usemi. Dawa za presha, kama ameandikiwa, asiziache, kwani humkinga na kiharusi kingine. Tiba ya usemi wenyewe ni mazoezi. Nafuu kubwa huja miezi ya mwanzo, lakini wapo wanaoendelea kupata maneno hata baada ya mwaka, kwa hiyo msikubali kuambiwa kwamba muda umepita.

Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache nchini. Ulizeni Hospitali ya Maweni wawaelekeze, huku nyumbani mkianza njia iliyoelezwa na watafiti wa Boston mwaka 1973. Keti mbele yake, ushike mkono wake wa kushoto, kisha imbeni pamoja "na-o-mba ma-ji", sauti ikipanda na kushuka, mkono ukigonga meza kwa kila silabi. Punguza sauti yako kidogo kidogo hadi aibebe mwenyewe. Kama lugha yake ya nyumbani ni Kiha, tumieni Kiha.

Zimeni redio, mwulizeni maswali ya ndiyo au hapana, na tafadhali msimpigie kelele, kwani masikio yake hayana kasoro. Akikohoa au kupaliwa anapokunywa, mpelekeni hospitali mapema, maana kinywaji kikiingia mapafuni huleta nimonia.