Msumeno wa Mnyororo Unaokata kwa Kupinda

Swali: Ninapasua misonobari huku Mufindi. Msumeno wangu wa mnyororo, yaani chenso, siku hizi hukata ukipindia kulia, hutoa unga badala ya vipande, na bamba lake, yaani chuma kirefu ambacho mnyororo hukizunguka, hupata moto hadi kufuka moshi. Je, injini imechoka?

Jibu: Ndugu msomaji, injini huenda haina kosa lolote. Unga ni dalili ya meno butu, na kupindia kulia kwa kawaida huonyesha kwamba meno ya kushoto ni mafupi au butu kuliko ya kulia, jambo linalowapata wengi kwa kuwa mkono hunoa vizuri zaidi upande mmoja. Zima injini, chomoa waya wa plagi, tafuta jino fupi kuliko yote, kisha unoe mengine hadi yalingane nalo, ukisukuma tupa ya mviringo kuelekea mbele tu, kwa pembe ya nyuzi 30 hivi. Moshi wa bamba ni suala la oili inayolilainisha: zibua kitundu cha oili kwenye bamba, ambacho huzibwa na unga uliogandamana na utomvu, kisha washa na uelekeze ncha kwenye kisiki cheupe bila kukigusa, mstari wa oili usipotokea, pampu ikaguliwe. Oili chakavu ya gari, hata ukipewa bure, usiitumie, kwani hubeba chembe za chuma.