Taa Umenunua, Waya Je?

Tangu masika yaanze, maswali karibu yote yanayonifikia ni ya taa za ziada. Sishangai. Ukitoka Malindi kwenda Gede saa mbili usiku, mvua usoni na lori linakuja, taa ya pikipiki ndogo ni koroboi tu.

*Salaam fundi. Nimefunga spotlaiti mbili za LED kwenye Boxer yangu. Nikifanya kazi usiku, asubuhi stata haishiki, mpaka nipige kiki. Naambiwa betri ni mbovu. Ninunue nyingine? (Dereva wa boda, Watamu)*

Huenda ni mbovu kweli, lakini usitoe pesa kabla ya hesabu. Soma wati zilizoandikwa kwenye taa, gawanya kwa 12, yaani volti za betri. Taa mbili za wati 20 ni wati 40, yaani ampia 3.3. Betri ya ampia-saa 5 (ndicho kipimo cha akiba yake), hata ikiwa mpya, ikiachiwa mzigo huo peke yake haifiki saa moja na nusu. Utaniambia injini inachaji. Ndiyo, ukiwa mwendoni. Lakini wewe ni mtu wa steji: nusu ya usiku umesimama, injini imezimwa au inaunguruma polepole, na spotlaiti zinawaka ili wateja wakuone. Hapo unakula akiba. Zizime kila unaposimama, usiku tatu tu, kisha tazama stata inasemaje.

Ukiwa na mita ya volti, pima. Betri nzima iliyolala usiku kucha husoma kama volti 12.6. Washa injini, vuta mafuta kidogo, ipande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, huenda betri haina kosa. Chaji haifiki, na wa kuulizwa kwanza ni koili inayozalisha umeme kwenye injini, au regyuleta inayoupima kabla haujafika kwenye betri.

Halafu niambie, taa hizo zimechukua umeme wapi? Wengi wanadandia laini ya hedilaiti kwa sababu iko karibu. Swichi ya usukani haikuundwa kubeba mzigo huo, inapata moto na kuyeyuka ndani. Tena pikipiki nyingi ndogo, hasa za zamani, hedilaiti hulishwa moja kwa moja na koili, si betri. Ndiyo maana inang'aa ukivuta mafuta na kufifia ukiachia. LED ikiwekwa hapo inapepesa, kisha inakufa.

Tumia rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa. Mguu wenye namba 30 uchukue chanya ya betri kupitia fyuzi, 87 uende kwenye taa, 86 upokee swichi yako ndogo, 85 urudi hasi. Umeme wa swichi uutoe kwenye laini inayokufa ukichomoa funguo. Kwa mzigo wako fyuzi ya ampia 5 inatosha, nayo ikae shubiri moja tu kutoka kwenye betri. Ikiwa mbali, kipande cha waya kilicho kabla yake hakina mlinzi.

Hili la fyuzi nililisoma kwa aibu. Zamani nilijifungia taa bila fyuzi, waya ukapita shingoni mwa usukani mtupu, bila hata mpira. Kila kona ukasuguliwa, kidogo kidogo. Usiku mmoja karibu na daraja la Sabaki nikasikia harufu ya plastiki, kutahamaki moshi unatoka chini ya tangi. Fundi mzima nimesimama kando ya barabara nang'oa nyaya kwa meno.

*Fundi, huku baharini nyaya hazidumu. Nikikata, ndani shaba imekuwa kijani. Ni waya feki? (Mokowe)*

Huenda waya hauna kosa, ni chumvi. Upepo wa kusi unaileta, nayo huvuta unyevu na kuushika. Mlango wake ni maungio. Ukisokota nyaya na kuzungusha tepu, gundi inalainika kwa jua, tepu inafunguka, na ule ukijani unaingia ndani ya waya kama maji kwenye utambi. Kwa hiyo usiunge juu ya shaba iliyooza. Kata nyuma mpaka uione inang'aa.

Ungio zuri ni la kubana kwa koleo yake, kisha mrija wa plastiki unaojibana ukipashwa moto. Mimi hupendelea hilo kuliko kulehemu kwa risasi, kwa sababu waya uliolehemiwa huwa mgumu na mtikiso huukata pale risasi inapoishia. Kwenye plagi paka grisi au vaselini. Waya ukikaribia taa uache ulegee kama mkufu, maji yadondokee chini badala ya kufuata waya hadi ndani.

Na hasi, jamani, hasi! Watu wanaifunga kwa skrubu kwenye fremu yenye rangi na kutu, halafu wanalaumu taa. Vuta waya mweusi hadi kwenye betri yenyewe. Ukitaka kuhakiki, washa taa, weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye hasi ya taa. Ikizidi nusu volti, ugonjwa uko hapo.

*Kichaji cha simu nimekifunga moja kwa moja kwenye betri. Nikipaki siku kadhaa, betri imelala. (Gede)*

Kile kitaa chake cha buluu hakilali, na saketi ya ndani hunywa hata simu isipokuwepo. Kihamishie kwenye laini ya funguo, na fyuzi yake.

*Nimeweka indiketa za LED, sasa zinapepesa mbio mbio. (Maweni)*

Flasha, kile kifaa kinachopepesa indiketa, ikiwa ya zamani inategemea mzigo wa balbu. Ikiona mzigo mdogo hudhani balbu imeungua. Nunua flasha ya LED, chomeka, kwisha.

*Shikamoo fundi. Mwanangu ana waya uliobaki tulipoweka stima nyumbani. Unafaa kwa pikipiki? (Mama, Barani)*

Marahaba, mama. Mwambie auweke kando, asiutumie. Waya wa nyumbani mara nyingi ni msumari mmoja wa shaba, na pikipiki hutikisika. Utakatika ndani huku juu unaonekana mzima. Anunue wenye nyuzi nyingi nyembamba, wa milimita mraba 1.5.

*Kila gari linanimulikia, hata nikitumia taa ndogo. (Marafa)*

Wewe ndiye unayewapofusha. Simamisha pikipiki mahali tambarare, mita tano kutoka ukutani. Kaa juu yake, katikati ya mwanga kushuke chini kidogo ya kimo cha taa yenyewe. Usipime kiti kikiwa kitupu. Mpakie abiria na lile gunia lako la nazi, mkia ushuke na pua inyanyuke, ndipo ukaze nati ya taa.