Nilimuuza rafiki yangu bila kulipwa hata faranga moja

Ndugu uliyeuliza kama Yuda alimsaliti Bwana kwa ajili ya makuta (fedha) tu, mimi nasema hapana. Alipenda makuta, sikatai. Yohana 12 inamwita mwizi. Lakini mimi nimemsaliti mtu, na makuta hayakuwemo.

Niliimba katika kwaya hapa Goma, upande wa Majengo. Rafiki yangu ndiye alikuwa mshika makuta. Mtoto wake akalazwa, akapona, hospitali ikamzuia kutoka mpaka deni liishe (watu wa huku mnalijua hilo). Akachukua dola 60 za kwaya. Aliniambia mimi peke yangu, usiku, tukitoka mazoezini, na kila mwezi alirudisha kidogo kidogo. Miezi minne nilitunza siri ile, wala haikunisumbua.

Kisha wazee wakachagua kiongozi mpya wa kwaya. Mimi niliyefundisha sauti zote nne kwa miaka tisa nilikuwa nimeshashonesha shati la siku hiyo. Wakamchagua yeye.

Jumanne nilikuwa kwa mchungaji. Nilisema nalinda nyumba ya Mungu, na kila neno nililosema lilikuwa kweli. Ndiyo maana nililala usingizi mzuri. Yuda naye alipolalamika kwamba marhamu aliyopakwa Bwana miguuni ingeuzwa dinari 300, alitaja maskini.

Lilikuwa limebaki deni la dola 15. Walimsimamisha rafiki yangu mbele ya kanisa zima, mke wake ameketi benchi la kwanza na yule mtoto mapajani.

Fungua Luka 22. Bwana anasema mkono wa msaliti uko naye mezani. Mstari wa 23 wanaulizana ni nani. Mstari wa 24 wanabishana nani kati yao ni mkubwa. Zamani niliona Luka ameruka kwenda habari nyingine. Leo naona ni habari ileile: waliuliza nani, na wote wakajibu kwa midomo yao. Petro pia, Matayo 26:33, kabla ya kumkana Bwana alikuwa ameshajipima na wenzake: wao wote hata wakianguka, yeye kamwe. Na Ahitofeli, mshauri wa mfalme Daudi aliyeenda upande wa Absalomu, mwana wa Daudi aliyemwasi baba yake, shauri lake lilipokataliwa alitandika punda, akarudi kwao akajinyonga. Hakuvumilia kuachwa pembeni siku moja.

Mimi ilinichukua karibu miaka miwili kufika kwa rafiki yangu. Nilimkuta nje, anapanga mawe ya volkano kwenye ukuta wa uwanja wake. Nilipiga magoti, nikasema yote, hata habari ya shati. Hakuniinua haraka. Aliweka jiwe alilokuwa nalo, akapangusa mikono, akasema: «Kaka, ungeniambia unautaka uongozi, ningekuachia siku ileile.»

Tunasalimiana sasa. Anaimba kwenye kanisa lingine, na siri zake hanipi tena.