Maswali na majibu: mtutu wa kubadilisha kwenye bastola ya shabaha iliyotumika

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja: msomaji amenunua bastola ya shabaha ya kaliba .22 iliyokwisha kutumika, haridhiki na inavyopiga, na anataka kujua anunue mtutu gani. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Nachukulia kwamba kila anayesoma hapa ana kibali cha silaha yake, kwamba huondoa magazini na kuikagua chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi) kwa macho kabla ya kuanza kazi yoyote, na kwamba hufyatua kwenye uwanja uliotengwa kwa kazi hiyo.

Nimenunua bastola ya .22 iliyotumika na risasi zinatawanyika. Ninunue mtutu gani?

Swali hili hunifikia mara kwa mara likiwa hivi hivi, bila jina la bastola, bila aina ya risasi, bila umbali, na bila kusema kama mwulizaji alifyatua kwa mkono mmoja akiwa amesimama au aliegemeza mikono mezani. Kwa maelezo hayo hakuna mtu anayeweza kukutajia mtutu, na muuzaji atakayekutajia anataka kuuza tu.

Anza kwa kufahamu kwamba mtutu wa .22 Long Rifle, risasi ya kawaida ya bastola hizi, hauliwi kwa urahisi. Kichwa cha risasi hii ni cha madini laini ya risasi, kina uzito wa takribani gramu 2.6, kimepakwa mafuta au nta, na baruti inayokisukuma ni kidogo. Mtutu uliotunzwa hupitisha makumi ya maelfu ya risasi ukiwa bado mzima. Kinachoharibika mapema ni mambo yanayouzunguka mtutu. Skurubu za kilengeo hulegea, na kwenye bastola ya Browning Buck Mark jambo hili ni la kawaida, kwa sababu kilengeo cha nyuma hukaa kwenye kipande cha juu kilichoshikwa na skurubu mbili, moja kwenye fremu na nyingine kwenye mtutu, na skurubu hizo hufunguliwa kila mtu anapotaka kutoa slaidi (sehemu inayorudi nyuma bastola inapofyatuliwa) aisafishe. Kingo za mdomo wa mtutu huliwa na ufito wa kusafishia unaoingizwa kwa mbele miaka nenda miaka rudi. Masizi hujijenga kama pete ngumu mbele ya chemba, mahali ganda linapoishia. Na zaidi ya yote hayo, risasi yenyewe inaweza kuwa haipatani na mtutu huo, kwa kuwa mitutu ya .22 huchagua risasi, na mitutu miwili ya kiwanda kimoja si lazima ipende toleo moja la risasi.

Kwa hiyo safisha, kaza skurubu, kisha tafuta aina tatu au nne za risasi za kasi ya kawaida, uegemeze bastola barabara, au uifunge kwenye mashine ya kushikilia kama Ransom Rest ukiweza kuipata, na ufyatue makundi ya risasi kumi kumi. Kundi la risasi tatu halithibitishi chochote. Kwenye karatasi ya kimataifa ya bastola ya mita 25 kwa hatua ya usahihi, duara la kumi lina kipenyo cha milimita 50. Bastola nzima ya shabaha iliyoegemezwa inapaswa kuziweka zote kumi ndani ya duara hilo na nafasi ikabaki. Ikifanya hivyo, mtutu wako hauna kosa, na fedha uliyotaka kuitoa itakufaa zaidi ukinunulia risasi za mazoezi na kumlipa kocha wa kukurekebishia kidole cha kifyatulio.

Mtutu mrefu unapiga kwa usahihi zaidi kuliko mfupi?

Hapana. Mtutu mrefu hukuongezea umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele, na kwa vilengeo vya chuma jambo hilo lina faida kwa jicho, wala halihusiani na ubora wa chuma wala wa mifuo, ile mistari iliyochongwa ndani ya mtutu ili kukizungusha kichwa cha risasi. Hebu tupige hesabu. Vilengeo vikiwa milimita 200 kutoka kimoja hadi kingine, kosa la milimita moja kwenye kilengeo cha mbele hukupeleka milimita 125 pembeni kwa umbali wa mita 25. Ukivitenganisha zaidi, kosa lile lile hupungua. Lakini ukifunga kilengeo cha nukta nyekundu, hesabu hiyo yote huisha, na mtutu wa inchi 5.5 hukutumikia sawa na wa inchi 7, ukiwa pia mwepesi kurudi kwenye shabaha katika ufyatuaji wa haraka.

Kuhusu kasi, mtu wa shabaha hana sababu ya kuihangaikia. Inchi moja na nusu ya ziada kwenye bastola ya .22 haibadilishi lolote utakaloliona kwenye karatasi ya mita 25.

Naongeza onyo ambalo hukuliomba. Kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa shabaha, kwa bastola ya mita 25 haziruhusu mtutu unaozidi milimita 153, wala vilengeo vilivyoachana zaidi ya milimita 220, na ukaguzi wa vifaa haupokei visingizio. Inchi 6 ni milimita 152.4, kwa hiyo inapita kwa shida. Inchi 7 ni karibu milimita 178, na bastola hiyo utairudisha nyumbani bila kushindana. Nukta nyekundu nazo haziruhusiwi kwenye mashindano hayo. Mlengaji anapaswa kusoma kanuni za mchezo anaoucheza kabla ya kutazama orodha ya bei, na wengi hufanya kinyume chake.

Je, mtutu wa Smith & Wesson Model 41 utaingia kwenye bastola ya shabaha ya High Standard?

Hauingii.

Na wa High Standard moja kwenye High Standard nyingine?

Inategemea fremu. Zile za zamani zinazofunguliwa kwa wenzo hazibadilishani mitutu na zile za kitufe kilicho mbele ya fremu. Hata ndani ya kundi la kitufe, angalia kilengeo cha nyuma kimekaa wapi: katika matoleo mengine kiko juu ya slaidi, katika mengine kiko kwenye daraja lililoshikwa na fremu huku slaidi ikipita chini yake, na urefu wa kilengeo cha mbele cha mtutu unaoununua lazima ulingane na mpangilio ulio nao. Kiwanda cha asili kilifungwa mwaka 1984, na mitutu mingi inayouzwa leo imepita mikono mingi. Mpelekee muuzaji picha ya fremu yako kabla hujalipa.

Hapa ndipo Model 41, iliyotoka mwaka 1957, inapostahili sifa. Unashusha kilinzi cha kifyatulio, mtutu unatoka juu, na kwa kuwa kilengeo cha nyuma kimefungwa kwenye mkono wa mtutu wenyewe, mtutu na vilengeo vyake husafiri pamoja. Mwenye mitutu miwili anaweza kuibadilisha na kukuta kila mmoja unapiga karibu na pale alipouacha. Kwa maoni yangu, hakuna mpangilio mwingine uliomfikiria mlengaji vizuri kuliko huo.

Nina bastola ya Ruger Mark II. Naweza kuufungua mtutu nyumbani na kufunga mwingine?

Nakushauri usijaribu. Katika ukoo wa Ruger, tangu Standard ya mwaka 1949 hadi Mark IV ya mwaka 2016, mtutu umekazwa kwa nguvu ndani ya bomba la juu, na kuungoa kwa jiliwa la mezani kumewaharibia watu wengi mabomba yao. Mtutu mpya lazima ukazwe ukome mahali hasa panapostahili, ili kilengeo cha mbele kisimame wima na pengo la kivutaganda liangukie sehemu yake. Hiyo ni kazi ya fundi wa silaha mwenye vifaa vya kazi hiyo.

Wengi huamua kununua sehemu ya juu nzima, mtutu na bomba kwa pamoja, wakidhani wananunua kipuri. Nchini Marekani namba ya usajili ya bastola hizi iko kwenye bomba hilo, kwa hiyo kisheria ukinunua sehemu ya juu umenunua bastola, na lazima ipite kwa muuzaji mwenye leseni. Katika nchi za Umoja wa Ulaya mtutu wenyewe huhesabiwa kuwa sehemu ya msingi ya silaha na hudhibitiwa kama silaha. Popote ulipo, uliza mamlaka inayotoa vibali kabla ya kuagiza, kwa maandishi, na uhifadhi jibu.

Sehemu ya juu ya Mark II itakaa kwenye fremu ya Mark IV?

Hapana. Mark IV hufunguka kwa bawaba na fremu yake ni nyingine.

Nikiuziwa mtutu uliotumika, nikague nini?

Utoe kwenye bastola, uelekeze upande mmoja kwenye mwanga, utazame ndani ukiuzungusha polepole. Mifuo iwe na kingo kali tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiona pete ya kivuli inayozunguka ndani mahali pamoja, simama hapo hapo: mtutu umevimba, pengine kwa sababu risasi dhaifu iliwahi kukwama na nyingine ikafyatuliwa nyuma yake. Pitisha vidole kwa nje ya sehemu hiyo, na mara nyingine utaugusa uvimbe wenyewe. Fundi akisukuma kipande cha madini laini ya risasi kutoka nyuma kwenda mbele, kitapita kwa ukinzani ulio sawa, kisha kitalegea ghafla penye uvimbe. Ukitaka kuona kwa uwazi, usikubali mtutu uliojaa mafuta mazito, kwa maana mafuta huficha kutu.

Kisha tazama nyuma, kwenye ukingo wa chemba. Pitisha ukucha pale pini ya kupigia inapofikia. Ukikwaruzwa na kinundu kidogo cha chuma kilichosukumwa kuingia ndani ya chemba, mwenye bastola alizoea kufyatua bila risasi, pini ikawa inagonga mtutu. Kinundu hicho huzuia risasi kuingia vizuri, na hulikwaruza ganda linapotoka. Kasoro hii haistahili kukufanya uutupe mtutu, kwa sababu fundi ana kifaa cha kukisukuma chuma hicho kirudi mahali pake kwa dakika chache. Walengaji wengi wamenunua mitutu mipya kwa ajili ya kinundu kisichozidi punje ya mchanga, na kisha wakaendelea na tabia ile ile kwenye mtutu mpya.

Mtutu wangu mpya una chemba ya mashindano. Nitumie risasi za CCI Stinger kupata kasi zaidi?

Usitumie. Ganda la Stinger ni refu kuliko ganda la kawaida la .22 Long Rifle, na chemba ya mashindano imechongwa fupi na ya kubana. Mdomo wa ganda huingia pale mifuo inapoanzia, hukosa nafasi ya kufunguka na kukiachia kichwa, na shinikizo hupanda kupita kiasi. Zaidi ya hapo, springi za bastola za shabaha nyingi zimepangwa kwa risasi za kasi ya kawaida, zile za karibu mita 320 hadi 330 kwa sekunde.

Mtutu wa alumini wenye kiini cha chuma, au wa chuma kitupu?

Vyote viwili hupiga vizuri vikichongwa vizuri, kwa hiyo chagua kwa mizani ya mkono wako. Anayefyatua polepole kwa mkono mmoja kwa kawaida hupenda uzito mbele, kwa sababu hutuliza mtikisiko. Mwenye bega linalochoka, kijana anayeanza, au aliyeongeza kilengeo cha nukta kizito juu ya bastola atashukuru kupunguziwa gramu. Usikubali kuambiwa kwamba wepesi ni ubora au kwamba uzito ni ubora.

Vipi kuhusu mtutu wenye matundu au kizuia mrusho mdomoni?

ISSF hairuhusu kwenye bastola ya mita 25, mrusho wa .22 ni mdogo, na matundu hujaa madini ya risasi yanayohitaji kukwanguliwa. Sioni faida yake kwa mlengaji wa shabaha.

Nilibadilisha mtutu mwenyewe. Baadhi ya maganda yanatoka yamevimba karibu na ukingo, na moja limepasuka. Nitumie risasi dhaifu zaidi?

Acha kufyatua bastola hiyo kuanzia leo. Risasi dhaifu haitatibu tatizo hili.

Bastola hizi hazina komeo linalofunga nyuma ya chemba. Uzito wa slaidi na nguvu ya springi ndivyo vinavyolizuia ganda lisirudi nyuma kabla shinikizo halijashuka, na ukuta wa ganda la shaba ni mwembamba. Risasi ya .22 hukaa kwenye chemba kwa ukingo wa kitako cha ganda lake, wenye unene wa takribani milimita 1.1, na nafasi iliyoachiwa ukingo huo hupimwa kwa sehemu ndogo mno za milimita. Mtutu ukikaa mbele kidogo kwa sababu ya uchafu kwenye kiti chake, skurubu iliyolegea, au kwa kuwa ulitengenezwa kwa toleo jingine, sehemu ya ganda hubaki nje bila kuta za kuishikilia. Huko ndiko linakovimba, na likipasuka, gesi na vipande vya shaba hushuka kwenye magazini au huruka kuelekea usoni. Yawezekana pia kwamba slaidi haifiki mwisho na pini inapiga kabla haijafunga.

Mpelekee fundi bastola, mtutu wa zamani, mtutu mpya na maganda yote uliyoyaokota, pamoja na lile lililopasuka, maana fundi mzuri atalisoma hilo kabla ya kushika bisibisi. Apime nafasi ya ukingo kwa geji. Na miwani ya kinga ivaliwe na kila aliye kwenye mstari, hata yule anayetazama tu.

Mtutu mpya unahitaji risasi ngapi kabla ya kuupima?

Usafishe mafuta ya kiwandani, kisha fyatua magazini kadhaa za risasi ile ile utakayoipima, kwa kuwa kila chapa ina nta yake na makundi ya mwanzo baada ya kubadilisha risasi hutawanyika mpaka ndani ya mtutu papakwe sawasawa. Fanya hivyo kila unapohamia chapa nyingine, andika toleo lililochapishwa kwenye boksi, na ukipata toleo linalopendwa na mtutu wako, nunua la kukutosha msimu mzima.